Nyuki wa Jasho: Namna ya Kumtambua Kabla ya Kumhukumu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. 

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, somo letu la toleo hili linahusu mdudu ambaye wengi wetu tumemfukuza kwa mkono bila kumtazama. Ni nyuki mdogo anayetua shingoni au mkononi wakati wa joto na kuramba jasho, kwa sababu anatafuta chumvi. Ndiyo maana anaitwa nyuki wa jasho. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si biolojia, na nisingeandika somo hili kama nisingefanya kosa ambalo sipendi mwenzangu alirudie.

Kiangazi kilichopita ndugu mmoja aliumwa na mdudu mguuni alipokuwa akitawadha kwa ajili ya swala ya Alasiri. Mguu ukavimba hadi kwenye kifundo. Karibu na mabomba ya kutawadhia pana kipande cha ardhi ngumu isiyo na majani. Hapo palikuwa na matundu madogo mengi, kila tundu limezungukwa na kirundo cha udongo laini, na nyuki wadogo wakiingia na kutoka. Kamati ya usafi ya msikiti ikaona jambo liko wazi. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Nikachukua birika la maji yanayochemka na kuyamwaga kwenye matundu ya upande wa ukutani.

Kesho yake mwenzetu mmoja anayesoma biolojia aliokota wale waliokufa, akawapanga juu ya karatasi nyeupe. Walikuwa kumi na saba. Akanipa lenzi ya mkono, akaniambia, "Akhi, wewe ndiye uliyewaua. Haya niambie umewaua kina nani." Sikuweza kumjibu. Siku chache baadaye mtu mwingine akaumwa palepale, na tulipoinua macho tukaona kiota cha nyigu chini ya paa, juu kabisa ya mabomba, kinaning'inia kama kikombe cha karatasi. Wale wa ardhini walikuwa wameadhibiwa kwa kosa la wengine.

Yafuatayo ndiyo niliyojifunza kwa wale kumi na saba na kwa mwenzangu huyo.

Jina moja, wadudu wengi

Wanafunzi wa Hadithi wanaijua elimu ya kutofautisha wapokezi wanaofanana majina. Al-Khatib al-Baghdadi aliwatungia kitabu wale ambao majina yao ni mamoja lakini watu ni tofauti. Al-Daraqutni naye aliwashughulikia wale ambao majina yao yanafanana kwa maandishi na kutofautiana kwa matamshi. Ukimchanganya mpokezi mwaminifu na mwingine dhaifu mwenye jina kama lake, umeiharibu hukumu ya hadithi nzima.

Kwa wadudu nako ni hivyo. Jina "nyuki wa jasho" limetokana na tabia, na tabia hiyo si ya kundi moja. Wataalamu wanapolitumia wanakusudia familia ya Halictidae, yenye spishi zaidi ya 4,500 duniani. Lakini hapa kwetu Afrika Mashariki, mdudu mdogo mweusi anayekuzunguka usoni na kuramba jasho mara nyingi ni nyuki mdogo asiyeuma, yule anayetengeneza asali kidogo ndani ya mashimo ya miti na nyufa za kuta. Huyo ni wa familia nyingine, ile ya nyuki wa asali. Kwa hiyo kuramba jasho si dalili ya kutosha. Lazima tuuangalie mwili wenyewe.

Hatua ya kwanza: je, ni nyuki?

Anza na mbawa. Nyuki na nyigu wana mbawa nne, mbili kila upande, japo zikishikana huonekana kama mbili. Nzi ana mbili tu. Wapo nzi wenye mistari ya njano na nyeusi wanaoelea juu ya maua na kuwadanganya watu wengi. Ukiona vipapasio vifupi sana na macho makubwa yaliyochukua karibu kichwa chote, huyo ni nzi, na hana mwiba.

Kisha angalia nywele. Nyuki hukusanya chavua ili awalishe watoto wake, kwa hiyo jike wa nyuki wengi ana nywele nzito za kubebea mzigo huo. Chini ya hadubini utaona baadhi ya nywele za nyuki zina matawi kama unyoya. Nyigu huwalisha watoto wake nyama ya wadudu wengine. Mwili wake kwa kawaida ni laini na wenye kung'aa, miguu yake ni myembamba, na kiuno chake kimebana. Wale wa kwenye paa letu walikuwa hivi, na miguu yao mirefu ilikuwa ikining'inia wanaporuka. Wale wa ardhini walikuwa na unga wa njano kwenye miguu ya nyuma. Ningetazama kwa dakika mbili tu kabla ya kuchemsha maji, ningeuona.

Hatua ya pili: je, ni wa familia ya nyuki wa jasho?

Wengi wa familia hii ni wadogo, wa urefu wa milimita 4 hadi 10, ingawa wapo wakubwa zaidi. Rangi zao ni nyeusi, kahawia, au kijani chenye mng'ao wa madini. Lakini ukubwa na rangi havitoshi. Angalia mambo mawili.

La kwanza ni mshipa wa ubawa. Ushike ubawa wa mbele kwenye mwanga na kuutazama kwa lenzi. Karibu na katikati kuna mshipa unaopanda kuelekea ukingo wa mbele wa ubawa. Kwa nyuki wa jasho mshipa huo umepinda kama upinde, hasa upande wake wa chini. Kwa nyuki wengine wengi umenyooka au umepinda kidogo tu. Nyuki mdogo asiyeuma mishipa yake ni michache na hafifu, ubawa unaonekana kama haukumaliziwa kuchorwa. Yupo pia nyuki mdogo wa jenasi ya Ceratina, jamaa wa yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Huyu naye anaweza kuwa na mng'ao wa kijani au buluu, lakini mshipa wake haukupinda vile, na yeye huishi ndani ya vijiti vikavu, si ardhini.

La pili ni jinsi anavyobeba chavua. Nyuki wa asali na nyuki mdogo asiyeuma huilowesha chavua na kuifinyanga iwe donge, kisha huliweka kwenye sehemu bapa ya mguu wa nyuma iliyo kama sinia. Jike wa nyuki wa jasho hana sinia hilo. Ana brashi ya nywele kwenye miguu ya nyuma, kuanzia kwenye paja, na wengine pia chini ya tumbo, na chavua hukaa humo ikiwa kavu kama unga. Ukikuta chavua yote iko chini ya tumbo na miguu ni mitupu, huenda ni wale nyuki wanaokata majani.

Hatua ya tatu: jike au dume?

Usiruke hatua hii, kwa sababu alama nyingi zinazotajwa vitabuni ni za jike peke yake au za dume peke yake. Hesabu pingili za kipapasio. Jike ana 12, dume ana 13. Hesabu pia vipande vya mgongo wa tumbo. Kwa jike vinaonekana 6, kwa dume 7. Dume wa nyuki wa jasho kwa kawaida ni mwembamba, vipapasio vyake ni virefu, na wengi wana doa la njano sehemu ya chini ya uso. Hana brashi ya chavua na hana mwiba kabisa.

Wangu wote kumi na saba walikuwa na pingili kumi na mbili. Wote walikuwa majike, na kadhaa walikuwa wamebeba chavua. Jike anapochimba huandaa vyumba vidogo, huvipaka kwa ndani utomvu wa mwili wake usiopitisha maji, huweka donge la chavua na maji matamu ya maua, kisha hutaga yai juu yake. Walikuwa mama waliokuwa wakipeleka chakula nyumbani.

Hatua ya nne: jenasi

Hapa ndipo lenzi inapohitaji subira. Hizi ni baadhi ya jenasi zinazopatikana Afrika ambazo mwanafunzi anaweza kujaribu kuzitenganisha.

Halictus na Lasioglossum. Hizi zinafanana sana. Jina la Halictus lilitolewa na Latreille mwaka 1804, na Lasioglossum na Curtis mwaka 1833. Tumbo la nyuki hawa mara nyingi lina mikanda ya nywele nyeupe. Kwa Halictus mkanda uko kwenye ukingo wa nyuma wa kila kipande. Kwa Lasioglossum, kama mkanda upo, uko mwanzoni mwa kipande, na unaonekana kama unachungulia kutoka chini ya kipande kilichotangulia. Kisha rudi kwenye ubawa. Jike wa Lasioglossum ana mshipa au mishipa ya upande wa ncha iliyofifia kuliko mingine, kama wino ulioanza kukauka. Kwa Halictus mishipa hiyo ina nguvu sawa na mingine. Lasioglossum peke yake ina spishi zaidi ya 1,700.

Seladonia. Hawa wana mng'ao wa kijani au shaba pamoja na mikanda ya ukingoni kama ya Halictus. Baadhi ya wataalamu huwaweka ndani ya Halictus, na wengine huwapa jenasi yao.

Nomia na jamaa zake. Baadhi yao wana mikanda myororo isiyo ya nywele, yenye rangi ya lulu. Dume wa kundi hili mara nyingi ana miguu ya nyuma iliyovimba au yenye umbo la ajabu. Majike wa Halictus na Lasioglossum wana mstari kama mfereji uliogawa sehemu ya nyuma ya kipande cha tano cha mgongo. Majike wa kundi la Nomia hawana.

Sphecodes. Huyu ni mweusi mwenye tumbo jekundu, ngozi yake ina vishimo vikubwa, na nywele ni chache. Jike wake hana brashi ya chavua, kwa sababu hakusanyi chakula. Huingia kwenye viota vya nyuki wengine na kutaga humo. Ukimhukumu kwa nywele peke yake utasema ni nyigu. Hii inatufundisha kwamba alama moja haitoshi. Kusanya alama kadhaa, kisha uone kama zinakubaliana.

Wale wangu walikuwa na mikanda mwanzoni mwa vipande, mishipa iliyofifia kwenye ncha, na ule mfereji kwenye kipande cha tano. Walikuwa Lasioglossum.

Hatua ya tano: spishi, na mahali pa kusimama

Nilitaka kuendelea hadi kwenye jina kamili. Mwenzangu akanizuia. Ili kutenganisha spishi za Lasioglossum, wataalamu hutumia hadubini kupima umbali kati ya vishimo vidogo vya mgongoni, mikunjo ya sehemu ya nyuma ya kifua, na umbo la viungo vya uzazi vya dume. Kisha hulinganisha na vielelezo vilivyohifadhiwa makumbusho, kwa kuwa kila jina la spishi limefungwa kwenye kielelezo maalumu ambacho linarejea kwake.

Tabia nayo haisaidii sana. Yupo Halictus rubicundus wa Ulaya na Marekani Kaskazini. Penye baridi kali kila jike huishi peke yake, na penye joto mama na mabinti hufanya kazi pamoja katika kiota kimoja. Spishi ni ileile, maisha ni mawili.

Kwa hiyo kwenye karatasi yetu tuliandika hivi: "Lasioglossum, majike 17, viota ardhini, spishi haijatambuliwa." Mwanzoni niliona aibu kuandika maneno hayo ya mwisho. Kisha nikawakumbuka maulamaa wa Hadithi, ambao mpokezi asiyejulikana walimwita majhuli na wakasimama hapo. Hawakumtungia sifa ili sanadi ikamilike. Kuishia pale alama zinapoishia ni sehemu ya uaminifu wa elimu.

Hukumu ya kuwaua

Nilimwendea ustadhi wetu wa fiqhi nikiwa na swali. Katika hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (S.A.W.) alikataza kuua wanyama wanne: chungu, nyuki, hudihudi na ndege aitwaye surad. Je, neno nahl linamhusu nyuki huyu asiyetengeneza asali? Nilikuwa natafuta njia ya kutoka.

Ustadhi alisema kwamba Waarabu wanapotaja nahl, anayekuja kwanza akilini ni nyuki wa asali, na kwamba Suratun-Nahl, aya ya 68 na 69, inamtaja nyuki ambaye tumboni mwake hutoka kinywaji chenye rangi mbalimbali na ponyo kwa watu. Mtu anaweza kujadili kama jina linawaenea wote. Kisha akaniuliza kama ninaijua hadithi ya Nabii aliyeumwa na chungu. Ninaijua, imo katika Bukhari na Muslim. Nabii huyo aliumwa na chungu mmoja, akaamuru kiota chote kichomwe, na Allah akamlaumu kwa kuuangamiza umma unaomsabihi kwa ajili ya chungu mmoja. Ustadhi akaniambia, "Yule alau aliumwa na chungu na akawachoma chungu. Wewe uliumiwa mtu na nyigu, ukawachemsha nyuki."

Sikuwa na la kusema. Akanikumbusha aya ya sita ya Suratul-Hujurat, inayotuamuru tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga na kisha tukajuta. Aya imeshuka kuhusu watu, na sitaki kuipeleka pasipokuwa pake, lakini adabu ya kuhakikisha inamfaa kila mwenye kutoa hukumu.

Tahadhari moja. Wapo wanaosema kwamba vitenzi vya kike katika aya ya nyuki ni muujiza wa kisayansi, kwa kuwa wafanyakazi wa mzinga ni majike. Mwanafunzi wa Kiarabu anajua kwamba neno nahl hutumika kama neno la kike katika sarufi. Qur'ani haihitaji tuipambe kwa hoja tusizoweza kuzitetea darasani.

Tufanye nini?

Kwanza, ukiumwa au mwenzako akiumwa, mtafute aliyeuma kabla ya kumwadhibu aliye karibu. Nyuki wa jasho huuma tu akibanwa, kwa mfano kwenye mkunjo wa kiwiko au chini ya kanzu, na maumivu yake kwa kawaida ni madogo na ya muda mfupi. Uvimbe mkubwa ungetushtua mapema. Na mwenye mzio apelekwe hospitali haraka, aliyeuma awe nani.

Pili, ukitaka kumchunguza, mweke ndani ya chupa ndogo safi na kwenye friji kwa dakika chache. Baridi itamtuliza. Mtazame kwa lenzi, mpige picha za uso, ubawa, mgongo na mguu wa nyuma, kisha mwachie juani naye ataruka. Wanabiolojia wanahitaji vielelezo kwa kazi ambazo haziwezekani vinginevyo. Ustadhi alisema haja hiyo ipimwe kwa kiasi chake, na isiwe mlango wa kuua kwa kupitisha wakati. Sisi wa kutaka kujua tu, picha na wale tunaowakuta wamekufa wanatutosha.

Tatu, tuwaachie mahali. Nyanya na biringanya, zinazolimwa na wazazi wa wengi wetu, huificha chavua ndani ya vijaluba vyenye matundu madogo. Nyuki wa asali hajui kuitoa kwa mtetemo. Baadhi ya nyuki wa jasho hulikumbatia ua na kulitetemesha mpaka chavua imwagike. Anayesaidia kuzaa mboga tunazofuturia Ramadhani anastahiki kipande cha ardhi tupu.

Kamati yetu ilikubali. Kiota cha nyigu kilichokuwa juu ya vichwa vya watu kiliondolewa usiku na fundi anayejua kazi hiyo, maana madhara yake yalikuwa yamethibiti. Kando ya matundu tuliweka mstari wa mawe ili watu wasipite hapo wakiwa pekupeku. Upande wa ukutani, nilipomwaga maji, mpaka sasa ni patupu. Upande wa pili wameendelea kuchimba, na baada ya mvua za kwanza niliona virundo vipya vya udongo. Kila nikienda kutawadha huwa napatazama.

Namwomba Allah (S.W.) anisamehe nililolifanya kwa kutojua, na atujaalie elimu yenye manufaa na mikono isiyotangulia macho.

Wabillahi tawfiq.